Posa ya mpwa wangu na utumwa tusioutaja

Kwa Mhariri,

Salaam. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na ukiona imekuwa ndefu tafadhali usinikatie katikati, manake hili jambo nimelibeba miezi sasa na nikianza nataka nimalize.

Mwaka jana tulipeleka posa. Mpwa wangu, mtoto wa dadangu, kijana amesoma, ana kazi yake bandarini, swala hazimpiti, na msichana mwenyewe wamependana tangu wako chuo. Tukaenda wazee wanne na kina mama wawili, tukakaribishwa vizuri sana, kahawa, halua, tukaongea ya mvua na ya bei ya unga, wenyewe wakasema watatupa jibu. Jibu likaja baada ya wiki mbili kwa simu, akapigiwa shemeji yangu, ati wanatushukuru kwa heshima tuliyowapa ila wazee wao wamekaa wakaona kijana si kufu ya binti yao. Basi. Hawakusema zaidi na sisi hatukuuliza. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza Mhariri, na ndo kinachonikosesha usingizi hadi leo, manake sote mle ndani tulijua wanamaanisha nini na sote tukainamisha macho kama watu waliofumaniwa.

Kwa wasomaji wa bara wasiolijua neno hili, kufu ni kulingana kwa wanaooana, ni jambo la fiqhi na wanazuoni wana maneno mengi juu yake, kuna dini, tabia, kazi, nasaba. Lakini huku kwetu pwani likisemwa kwa sauti ya chini vile, likaachwa bila maelezo, mara nyingi linabeba kitu kimoja tu: nyinyi nyanya yenu alinunuliwa.

Na ni kweli. Alinunuliwa.

Nyanya yangu mzaa mama aliniambia nikiwa na miaka kumi na mbili hivi, tunachambua mchele ukumbi wa nyuma, na kabla hajaanza aliinuka kwanza akaangalia kama mlango umefungwa. Mamake aliletwa Malindi kwa jahazi kutoka kusini akiwa mtoto mdogo hajavunja ungo. Mwenyewe alikuwa akisema kwao ni ziwani, basi watu wakamwita Mnyasa na hilo ndo likawa kabila lake mpaka anakufa. Jina alilopewa na mamake mzazi hakuna anayelijua. Kwanza alitiwa shambani, manake Malindi ya wakati ule ilikuwa ni mashamba ya mtama na ufuta hadi upeo wa macho, yamefunguliwa upya tangu miaka ya 1860, yote yanalimwa na watumwa na nafaka inapakiwa majahazini inakwenda Zanzibar na Arabuni. Baadaye akaingizwa ndani ya nyumba akawa suria wa mwenye shamba, akamzalia watoto, na mmoja wao ndo huyo nyanya yangu.

Sasa kwa sheria ya dini mtoto wa suria, babake akimkubali, ni huru na yuko sawa na ndugu zake, na mama mwenyewe akishazaa haruhusiwi kuuzwa tena, bwana akifa yuko huru. Hiyo ndo sheria. Nyumbani nyanya alisema walikuwa wanakula sinia moja wote, lakini wakija wageni wakubwa watoto wa mke wanaitwa waje kuamkia na yeye haitwi, anabaki jikoni na mamake. Hakulia alipokuwa ananieleza. Alisema tu, "na usiseme, mwanangu, sitiri." Nikasitiri karibu miaka hamsini.

Kwa hivo mimi ninayekuandikia nina damu ya aliyenunua na damu ya aliyenunuliwa, na wenzangu wa hivi hapa pwani tuko wengi mno kuliko tunavyokubali. Kuna nchi ambazo mtesaji alikuja na meli, akatesa, akarudi kwao, leo wajukuu wanajua barua ya madai waipeleke wapi. Sisi waliotesa na walioteswa walilala nyumba moja, wakazikwa makaburi ya karibu, wakaacha wajukuu wanaokutana kwenye maulidi na matanga. Ndo maana kimya chetu hatukiiti kimya, tunakiita stara. Na mimi swali langu kwa wazee wa pwani yote, kuanzia Lamu mpaka Vanga, ni hili, stara hii inamsitiri nani? Manake alonunuliwa hana aibu ya kusitiriwa. Mtoto aliyeibiwa kwao akatiwa jahazini amefanya kosa gani la kufichwa miaka mia moja na hamsini? Aibu ni ya biashara na ya waliofaidika nayo, lakini angalia nani anayeinamisha macho posa ikirudishwa. Ni sisi. Wale wenzetu waliotujibu walizungumza simuni kwa sauti nzuri kabisa, hawana wasiwasi wowote, kwa sababu stara yetu inawalinda wao.

Nimefundisha Kiswahili shule za msingi miaka 31, na baada ya ile posa nikaanza kuyaangalia maneno niliyokuwa nafundisha. Rejista zangu nimeandika "mtoro" mara ngapi Mungu anajua. Mtoro alikuwa ni mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Na watoro wa pwani hii walikuwa watu wa kusifiwa, walikimbilia porini wakajenga vijiji vyao wenyewe, Fuladoyo kule nyuma ya Takaungu ni kimojawapo, wakalima, wakajilinda, wengine wakakimbilia Rabai misheni. Mimi miaka yote 31 nikalifundisha kama neno la mtoto mkaidi. Kibarua, alikuwa ni mtumwa aliyepelekwa na bwana wake akafanye kazi kwa mtu mwingine, ana kikaratasi chake, jioni ujira anaugawa na bwana. Mjinga, huko Mrima, yani pwani ya Tanganyika, alikuwa ni mtumwa mgeni ameletwa juzi kutoka bara, hajajua lugha wala desturi za mji, yani kosa lake ni kwamba bado hajatuzoea. Mzalia ni yule aliyezaliwa hapa hapa utumwani, na alikuwa anajiona bora kuliko mjinga, manake hata chini kabisa watu walitafutiana ngazi. Na muungwana! Tunamwambia mtoto awe muungwana, awe na adabu, kumbe muungwana ni aliyezaliwa huru, na ukilitafakari neno utaona limeshaamua kwamba asiyezaliwa huru hana adabu. Sisemi maneno haya tuyafute, hatuwezi na mimi nayapenda, ni lugha yangu. Ila mwalimu angekuwa anayafundisha na hadithi yake, darasa zima lingejua kwamba utumwa hauko kwenye pango la Shimoni peke yake, wanautamka kila siku kabla ya mapumziko ya chai.

Hata uhuru. Kabla haujawa wa bendera, uhuru ulikuwa ni cheti. Mtu anaachwa huru na bwana wake anaandikiwa karatasi.

Na hapa ndo niseme jambo ambalo nadhani wengi hawajalisikia, mimi mwenyewe nililijua uzeeni. Tumefundishwa Mngereza alikuja akakomesha utumwa, na kweli soko la Zanzibar lilifungwa Juni 1873 Sultani Barghash alipotia saini, na pale Mkunazini sasa kuna kanisa. Lakini kufunga soko si kumwachia huru aliyekwishanunuliwa. Zanzibar sheria ya kuufuta ilitoka 1897, na hata hapo mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani akaombe, aonyeshe atakaa wapi na atakula nini, na masuria waliachwa nje mpaka 1909, ati hao ni kama wake. Pwani yetu ya Kenya ni 1907. Tanganyika ni 1922, Mhariri, juzi tu, kuna watu walio hai leo waliolelewa na waliozaliwa kabla ya hapo. Na pesa za fidia zilitolewa, Zanzibar na Kenya. Alilipwa mwenye mtumwa. Yule aliyelima mtama miaka ishirini bila ujira hakupata hata pishi moja, na bwana wake ndo akafidiwa kwa hasara ya kumkosa. Hata Rabai, ile siku ya mwaka mpya 1889 watoro zaidi ya 1,400 walipopewa karatasi zao za uhuru na kampuni ya Waingereza, mabwana walilipwa kwa kila kichwa.

Mwaka uliofuata ile sheria ya 1907, yani 1908, ikaja sheria ya hati za ardhi. Mwenye ushahidi wa umiliki aje aandikishe, na ambayo hakuna aliyekuja kuidai kwa njia ile ikawa ya serikali ya mfalme wa Waingereza. Sasa fikiria wewe umetoka utumwani mwaka jana, ushahidi wa umiliki utautoa wapi? Aliyekwenda kuandikisha ni nani? Na si watoto wa watumwa peke yao, Mijikenda nao waliamka wakajikuta ni maskwota kwenye mashamba ya mababu zao. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 imeyaeleza haya ya ardhi ya pwani, ikakabidhiwa Ikulu, na imekaa. Mimi nyumba yangu hapa Kisauni ni ile inayoitwa nyumba bila ardhi, mawe ni yangu, mabati ni yangu, mti wa mwembe nimepanda mimi, chini si kwangu, kila mwezi nalipa kodi ya ardhi kwa mtu ambaye sijawahi kumuona uso. Watu husema mambo ya utumwa yamepita. Mimi risiti zake ninazo kabatini.

Najua watakaosema huyu mzee anachochea, anataka watu wenye asili ya Arabuni waonekane wabaya. Hapana, na nisomeni vizuri. Zanzibar Januari 1964 imetuonyesha historia ikisemwa kwa panga matokeo yake ni nini, watu wengi waliuawa na kufukuzwa kwa ajili ya nasaba tu, na watoto wao leo wako Oman na Uingereza bado wana kidonda. Tena biashara ile haikuwa ya watu wa rangi moja. Walikuwemo Waarabu wa Oman na Waswahili wenyewe, wakopeshaji wa Kihindi, machifu wa Kiyao na Kinyamwezi waliouza majirani, Wafaransa wa Mauritius na Réunion waliokuwa wakinunua Kilwa tangu karne ya 18, na pembe za ndovu zilizobebwa na watu wale wale zilikwenda Ulaya na Marekani zikawa vinanda. Njaa kubwa ya miaka ya 1880 kuna wazazi Mijikenda waliweka watoto wao rehani kwa watu wa pwani ili wapate mahindi, na wengine hawakurudi kukombolewa. Siwalaumu, njaa ni njaa. Ninachosema ni kwamba kila jamii hapa ina kipande chake cha kukitaja, na ukitaja changu bila kutaja chako, au chako bila changu, hapo ndo uchochezi unapoanzia.

Kuna watu waliotaja na dunia haikuanguka. Hapo chini kwetu stendi inaitwa Kengeleni, makanga wanaliita jina kutwa nzima, Kengeleni Kengeleni, na wanafunzi niliokuwa nawauliza kengele gani walikuwa hawajui. Ni kengele ya Frere Town, kijiji walichokijenga wamisheni mwaka 1875 kwa ajili ya waliokombolewa kwenye majahazi, Wayao, Wamakua, Wanyasa, wengine walipitia Bombay India kwanza wakasomeshwa huko ndo wakaletwa hapa. Wajukuu wao ni majirani zangu, nimezikana nao, nimekula harusi zao. Na wao husema waziwazi, babu yetu alikuwa mtumwa, alitoka mahali fulani, alikuja na jahazi, kanisa hili alijenga yeye. Sisemi misheni ilikuwa pepo, viboko vilikuwepo huko pia, mapema miaka ya 1880 kulikuwa na kashfa kubwa kwa sababu ya msimamizi aliyekuwa akiwachapa watu aliopewa awalinde. Lakini walipewa kitu kimoja ambacho sisi tuliopata uhuru ndani ya majumba ya mabwana hatukupewa, walipewa mahali pa kusema "sisi". Kengele ipo, makaburi yapo, majina yameandikwa. Nyanya mkubwa wangu kaburi lake halina jiwe. Nawaonea wivu majirani zangu, nakiri.

Mwaka 2025 Umoja wa Afrika uliufanya mwaka wa kudai fidia na haki kwa Waafrika, na mimi naunga mkono mia kwa mia, walionufaika walipe. Lakini tulipokuwa tunasikiliza hotuba zile kwenye redio mimi nilikuwa namfikiria mpwa wangu. Tunamdai Mzungu aombe msamaha kwa mababu zetu, na babu huyo huyo akitajwa kwenye posa tunamkataa mjukuu wake. Tutadai na uso gani?

Wanazuoni wetu nawaheshimu na nawaomba. Mimbari ni yenu. Bilali aliyekuwa mtumwa ndiye aliyepewa adhana. Zaid bin Haritha aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, Mtume (s.a.w.) mwenyewe alimuozesha binti wa shangazi yake, Bi Zainab binti Jahsh, mwanamke wa nasaba kubwa ya Makka. Visa hivi tumesomeshwa madrasani tukiwa wadogo na tunavisimulia kila Rabiulawal machozi yakitutoka, basi naomba khutba moja tu, Ijumaa moja, misikiti ya Mvita na Kisauni na Malindi na Lamu, isemwe wazi kwamba kumrudisha kijana wa watu kwa sababu nyanya yake alinunuliwa ni dhulma. Isemwe kwa neno hilo, "alinunuliwa". Msiseme "mambo ya ukabila", manake hapo kila mtu atadhani anaambiwa mwingine.

Na wizara na kaunti, mnapowapeleka watoto Fort Jesus muwaoneshe mizinga, mrudi nao kwa Kengeleni, ni mwendo wa matatu moja. Makadhi wana vitabu vya zamani vya mirathi na vya kuachwa huru, majina ya watu wetu yamo humo, na karatasi haidumu na joto hili la pwani. Ziwekwe mahali salama zisomeke.

Lakini kubwa liko majumbani na hakuna serikali itakayotufanyia. Mwezi uliopita niliandika yote haya kwenye grupu la WhatsApp la ukoo wetu, tuko watu themanini na kitu, wa Mombasa, wa Malindi, wa Dubai, wa Toronto. Niliandika usiku baada ya isha nikaweka simu chini mikono ikitetemeka. Asubuhi nikakuta wanne wametoka kwenye grupu. Kaka yangu mkubwa akanipigia akaniambia nimemvua nguo mama kaburini, na tangu hapo hatujaongea vizuri. Vijana wao waliandika sana, wengi walikuwa hawajui kabisa, mmoja wa Toronto akauliza tu, "alikuwa anaitwa nani?" na hakuna aliyemjibu kwa sababu hakuna aliye na jibu.

Siku ya tatu akanipigia mamangu mdogo, dadake mama wa mwisho, yuko Malindi, amepita miaka themanini na tano na sikumtarajia manake simu za kisasa hazimudu, alisomewa na mjukuu wake. Akanyamaza kitambo kirefu mpaka nikadhani laini imekatika. Halafu akasema nyanya yake alikuwa akimbembeleza kwa wimbo wa kwao, si Kiswahili, yeye hajui maneno yake maana yake ni nini lakini anayakumbuka yote, na kwamba hajawahi kuuimba mbele ya mtu hata wanawe. Akasema njoo, nitakuimbia, ila uje peke yako.

Nimempigia tena juzi nikamuomba niende na mpwa wangu, yule wa posa, aurekodi kwenye simu yake, huenda kuna mtu wa ziwani huko Malawi ama Msumbiji atakayeusikia akatuambia ni lugha gani na unasema nini. Amesema atafikiria. Jana jioni mjukuu wake amenitumia ujumbe, bibi anasema Jumamosi, na mje na mtoto.

Mwalimu mstaafu,
Kisauni, Mombasa